Oti za kulaza: asubuhi zimekataa, kosa liko wapi?

Oti zilizolala na maziwa kwenye friji ni kifungua kinywa cha mtu anayetoka nyumbani kabla ya jua. Unafungua mfuniko, unachukua kijiko, unakula. Jiko haliwashwi na sufuria haisuguliwi. Ndiyo maana inauma kufungua chupa saa kumi na moja alfajiri ukakuta gundi, au maji juu na chembe ngumu chini, au uchungu usiojua umetoka wapi, na muda wa kupika kitu kingine haupo.

Nimelaza oti Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na karibu kila kasoro iliyoandikwa hapa imenipata. Maelekezo mengi yanayozunguka yameandikwa kwa ajili ya jikoni ambako umeme haukatiki, tui halikamuliwi na papai haliko mezani kila siku, kwa hiyo mambo yanayotuharibia sisi hayatajwi kabisa. Hayo ndiyo nitakayoyakalia zaidi.

Kwanza tenganisha matatizo mawili. Kasoro za mguso, yaani uzito, wepesi, ugumu au mabonge, huokolewa palepale na chakula kikaliwa. Kasoro za baridi, yaani chupa iliyokosa ubaridi wa kutosha usiku, hazina dawa. Usizipashe moto ukidhani umezitibu, maana baadhi ya bakteria huacha sumu isiyoharibiwa na moto.

Kipimo ninachoanzia ni hiki: nusu kikombe cha oti (gramu 45 hivi), nusu kikombe cha maziwa, robo kikombe cha mtindi, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Kikombe ninachosema ni cha mililita 250. Ukiweka kijiko kimoja cha chakula cha mbegu za chia, ongeza vijiko vinne vya maziwa, kwa sababu chia hunywa maji takriban mara kumi ya uzito wake. Koroga, subiri dakika tano, koroga tena, funika, weka kwenye friji kwa muda wa saa 6 hadi 8.

Chembe bado ngumu

Tazama ulichonunua kabla ya kulaumu muda. Oti zinazofaa kulazwa ni zile za chembe nzima zilizobanwa bapa, kila moja pana karibu kama ukucha wa kidole cha mwisho. Kiwandani hupitishwa kwenye mvuke kabla ya kubanwa, kwa hiyo si mbichi kabisa, na ndiyo sababu hulainika bila kuguswa na moto. Zipo nyingine zinazofanana na mchele uliokatwakatwa, hazikubanwa. Hizo hata zikilala usiku kucha hubaki za kutafunwa. Kama ndizo ulizonazo, zimwagie maji yanayochemka kiasi cha kuzifunika, ziache zipoe, ndipo uongeze maziwa na kuzilaza.

Kosa lingine linatokana na tafsiri. Maelekezo mengi ya Kiswahili huziita oti "shayiri". Shayiri ni nafaka nyingine, ile ya uji wa shayiri wa pwani, na haiwezi kulainika kwenye maziwa baridi kwa usiku mmoja. Ukiwa umelaza shayiri, ihamishie kwenye sufuria uipike uji, hujapoteza kitu.

Kama aina ni sahihi na bado kuna ukavu juu, oti zilielea juu kabla hazijalowa. Hapo ndipo kukoroga mara ya pili kunapofanya kazi. Kwa leo, ongeza maziwa kidogo, koroga, subiri dakika 15.

Zimekuwa gundi

Sababu ya kwanza ni oti za kupika haraka. Hizo zimekatwa vipande kisha zikabanwa kuwa nyembamba, na kwa saa nane hunyonya mpaka zinasambaratika. Zina nafasi yake: zichanganye asubuhi na maziwa baridi, zisubiri nusu saa wakati unaoga na kuvaa, zitakuwa sawa. Usiku kucha haziwezi.

Sababu ya pili ni maziwa ya moto. Wanga wa oti huanza kuvimba na kupasuka kwenye nyuzi joto 60 hivi, kwa hiyo maziwa yaliyotoka jikoni sasa hivi yanapika uji ndani ya chupa yako. Chemsha maziwa mapema, yapoe kabisa, ndipo uyamimine.

Ya tatu ni kukoroga kwa nguvu au kupitisha kwenye blenda. Ndani ya oti mna nyuzilishe inayoitwa beta-glukani, na ukizivunja chembe hutoka utelezi unaofanana na wa bamia. Utelezi wenyewe si adui. Mamlaka za chakula za Marekani na Ulaya zinakubali kwamba gramu 3 za beta-glukani kwa siku husaidia kushusha lehemu, na nusu kikombe cha oti kinakupa zaidi kidogo ya nusu ya hizo. Asiyependa mlenda na azikoroge taratibu kwa kijiko.

Gundi ya leo usiitupe. Vunja yai ndani yake, ongeza vijiko viwili vya unga wa ngano, kaanga kama chapati za maji. Watoto wangu wameila bila kuuliza ni nini.

Nzito mno, au maji mno

Uzito unatibika kwa kijiko cha maziwa kimoja kimoja. Wepesi unahitaji subira: ongeza oti vijiko viwili au chia kijiko cha chai, koroga, rudisha kwenye friji nusu saa. Lakini kama maji yamejitenga juu na chini pako sawa, hayo ni maji ya mtindi, au ya tunda lililotoka kwenye barafu. Koroga tu. Tatizo hili likikurudia kila siku, chuja mtindi kwa kitambaa safi au chujio la chai kabla ya kuuweka.

Chungu, na maziwa yamekatika

Hapa nilipoteza wiki nzima. Nilikuwa na mapapai mazuri ya Morogoro, nikawa nayakatakata kila usiku na kuyalaza pamoja na oti. Kila asubuhi chakula kilikuwa na uchungu unaobaki kwenye ulimi kama wa dawa. Nikabadilisha maziwa, nikabadilisha pakiti ya oti, nikaosha chupa kwa maji ya moto, uchungu ukawa uleule.

Jibu lilikuwa jikoni siku zote. Papai ndilo tunalotumia kulainishia nyama ngumu. Kimeng'enya chake, papaini, hukata protini, na hakichagui protini ya nyama wala ya maziwa. Kikipewa usiku mzima hukata protini za maziwa kuwa vipande vidogo, na vingi kati ya vipande hivyo ni vichungu. Papai bivu lina papaini kidogo kuliko bichi, ila saa nane ni nyingi. Nanasi lina bromelaini, inayofanya kazi ileile. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya cha jamii hiyo, kwa hiyo anayependa ladha ya chai ya tangawizi kwenye oti atumie ya unga, au aiweke mbichi asubuhi.

Dawa ni kuweka papai na nanasi asubuhi, wakati wa kula. Kama lazima nanasi lilale, lichemshe dakika chache na maji yake, lipoe, kisha litumie: joto huua kimeng'enya. Nanasi la kopo limeshapitia moto, halina shida. Kugandisha hakusaidii, kimeng'enya hulala tu na kuamka barafu ikiyeyuka.

Pasheni na ndimu hukata maziwa kwa njia nyingine, kwa ukali wao. Hakuna uchungu wala madhara, ni mabonge tu yanayochukiza macho. Zichanganye na mtindi badala ya maziwa, maana mtindi umeshaganda tayari. Embe, tende, zabibu kavu na tufaha hulala bila kelele. Ndizi hulala lakini huamka nyeusi; mimi huiponda ndani badala ya kuipanga juu, rangi haionekani na utamu unaenea kote.

Kama hukuweka tunda lolote na bado kuna uchungu, nusa pakiti ya oti. Oti zina mafuta mengi kuliko nafaka nyingi, na pakiti iliyofunguliwa ikikaa miezi kwenye joto la pwani hutoa harufu ya mafuta ya zamani. Hamishia oti kwenye kopo linalobana, nunua pakiti ndogo, na kwenye joto kali ziweke kwenye friji. Hii inawazuia na fukusi pia.

Kisha nusa karanga. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu ni za kutupa, si za kuchagulia. Sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na ukungu, haitoki kwa kulowekwa, na kukaanga hakuimalizi. Siagi ya karanga ya kusagishwa mtaani ni nzuri kama umeziona karanga kabla hazijaingia mashineni.

Mabonge meupe magumu kama mshumaa

Hili humpata anayelaza oti kwa tui la nazi. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo tui ambalo mezani kwetu ni laini kama hariri, kwenye friji linapanda juu na kuwa gamba. Halijaharibika. Toa chupa nje dakika 15 na ukoroge. Kuanzia kesho, tumia tui la pili, lile jepesi, au changanya nusu tui nusu maziwa. Tui zito la kwanza liache kijiko kimoja, ulimwagie juu asubuhi. Harufu yake inasikika zaidi hivyo kuliko likilala.

Tui ulilokamua mwenyewe limepita mikononi, kwenye mbuzi na kwenye kifumbu. Lichemshe huku ukikoroga mpaka linapotaka kutokota, lipoe, ndipo lilale. Tui bichi huchacha upesi kuliko maziwa.

Zimechacha, zina povu

Hii ndiyo kasoro ninayoomba usiipite haraka.

Friji inapaswa kuwa nyuzi joto 4 au chini. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria huongezeka kwa kasi, na usiku wa Dar, Tanga au Mombasa uko katikati ya hapo. Umeme ukikatika na mlango usifunguliwe, friji hutunza ubaridi kwa saa 4 hivi. Shida ni kwamba umeme hukatika umelala na kurudi kabla hujaamka, nawe huna habari. Fanya hivi: gandisha kikombe cha maji kwenye sehemu ya barafu, kisha weka sarafu juu ya barafu hiyo. Asubuhi itazame kabla ya kufungua chupa ya oti. Sarafu ikiwa imezama, barafu iliyeyuka usiku, hata kama taa zinawaka sasa. Oti zenye maziwa za siku hiyo hazifai.

Umeme ukiwa haukukatika, tazama friji yenyewe. Je, jana usiku iliingizwa sufuria ya maharage ya moto? Imejazwa mpaka hewa haipiti? Bana noti kwenye mlango, funga, ivute: ikitoka bila kukwama, raba imechoka na baridi inavuja. Chupa ikae ndani, rafu za katikati au chini, wala si mlangoni ambako kila anayetaka maji ya kunywa anaipitishia joto.

Utajuaje kuchacha na wakati mtindi wenyewe ni mchachu? Uchachu safi wa mtindi si tatizo. Tatizo ni mfuniko uliofura au unaotoa pumzi ukifunguliwa, povu, harufu ya pombe au hamira, utando unaovutika kama uzi, madoa ya waridi au ukungu. Ukiona kimojawapo, mwaga yote, usichote sehemu nzuri. Lakini kukosekana kwa dalili hizi si ruhusa, kwa kuwa bakteria wengi wanaowaletea watu ugonjwa hawabadilishi harufu. Ukiwa na hakika chupa ilikosa baridi kwa zaidi ya saa 2, inatosha.

Nimewahi kuambiwa, "Mbona togwa tunaiacha nje na tunakunywa?" Togwa hupikwa kwanza, kisha kimea na chachu ya jana huifanya iwe kali kwa haraka, na ukali huo ndio unaoilinda. Oti kwenye maziwa yaliyosahauliwa mezani hazina mlinzi huyo.

Maziwa ya kupimiwa kwa muuzaji yachemshwe siku zote, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na bruselosisi. Daktari Mswisi Maximilian Bircher-Benner, aliyeanza kuwapa wagonjwa wake oti za kulowekwa huko Zürich karibu na mwaka 1900, alizilaza kwenye maji: kijiko kimoja cha oti kwa vijiko vitatu vya maji. Asubuhi ndipo aliongeza maziwa mazito ya kopo, ndimu, tufaha zima lililokunwa na lozi au kokwa za hazel zilizosagwa. Mimi nimechukua fundisho moja kwake. Wiki ya mgao wa umeme nalaza oti kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, ndani ya friji ileile, na maziwa ya pakiti nafungua asubuhi. Na sarafu ikizama, hata hizo za maji namwaga.

Asiye na friji asilaze kabisa. Aweke oti kwenye bakuli asubuhi, amwagie maji yanayochemka, afunike dakika 10, aongeze maziwa. Hazitakuwa baridi, lakini zitakuwa salama na hazikuhitaji kukoroga jikoni.

Na wanaobeba kwenda kazini: saa 2 nje ya friji ndiyo mwisho, na joto likipita nyuzi 32, ni saa 1. Foleni ya Mbagala inaweza kuzila zote. Gandisha chupa ndogo ya maji, ifunge pamoja na oti kwenye kitambaa kizito.

Zina harufu ya samaki

Maziwa na mafuta hushika harufu, na friji yenye dagaa, kitunguu kilichokatwa au shombo la jana itazipa oti zako vyote hivyo. Kifuniko cha sahani hakitoshi. Tumia chupa ya jemu au ya siagi ya karanga, na chunguza mfuniko wenyewe: raba ya ndani hubaki na harufu ya achari miaka. Harufu ya namna hii haina madhara, ni ya kuudhi tu.

Hazina ladha

Baridi hupunguza utamu ulimini. Mchanganyiko uliouonja usiku ukaona umekolea, asubuhi utauona umepooza. Watu wengi hapo huongeza sukari. Jaribu chumvi kidogo kwanza, kisha iliki au mdalasini, maana viungo hivi hupata usiku mzima wa kuingia ndani. Tende mbili zilizokatwa ndogondogo hutosha bakuli moja. Mwenye kisukari akumbuke kwamba tende na asali ni sukari pia, na mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hapewi asali hata tone.

Kakao ikifanya vibonge vya unga, siku nyingine ikoroge kwanza na kijiko cha maji ya moto mpaka iwe uji mzito.

Tumbo linajaa, au njaa inarudi saa nne

Nusu kikombe cha oti kina gramu 4 hadi 5 za nyuzilishe. Kwa aliyezoea mkate mweupe na chai, huo ni mruko mkubwa, na gesi ni jibu la kawaida. Anza na robo kikombe kwa wiki moja na unywe maji ya kutosha. Likiendelea, shuku maziwa: watu wazima wengi hawayeyushi laktosi, sukari ya maziwa, vizuri, na mtindi huwapa nafuu kwa sababu bakteria wake wameshakula sehemu yake. Mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ambaye utumbo wake hudhuriwa na glutini, protini ya ngano, atafute oti zilizothibitishwa kuwa hazina glutini, kwani nyingi huchanganyika na ngano shambani na kiwandani.

Njaa ya saa nne husababishwa na protini ndogo. Oti hizo zinakupa gramu 6 tu. Vijiko viwili vya siagi ya karanga huongeza 7 hivi, na mtindi huongeza kidogo. Au chemsha yai jioni wakati unaandaa chakula cha usiku, lilale karibu na chupa.

Baridi inaniuma meno

Hakuna sheria inayokukataza kuzipasha. Mimina kwenye sufuria, ongeza maziwa kwa sababu zitakaza, moto mdogo, dakika tatu. Usiitumbukize chupa ya kioo kutoka kwenye friji ndani ya maji ya moto, itapasuka. Kama zimeganda kabisa, chupa ilikaa chini ya sehemu ya barafu. Kwenye friji ndogo za mlango mmoja, isogeze mbali na hapo.

Kila siku zinatoka tofauti

Unapima kwa macho, na kikombe cha leo si cha jana. Mtindi nao hubadilika: wa kununua dukani ni mzito, wa nyumbani mara nyingi mwepesi. Siku zikikutokea vizuri, chukua chupa ileile, bandika kipande cha plasta ya karatasi ubavuni, chora mstari pale oti zilipofika na mwingine pale maziwa yalipofika. Kisha badilisha kitu kimoja tu kwa usiku mmoja. Chupa za bila tunda zinakaa siku 3, kwa hiyo Jumapili jioni ninaandaa tatu, na Jumatano naanza upya.